Harrie Massey: mwanasayansi wa London aliyeomba nafasi kwenye roketi za wanajeshi

Tarehe 15 Oktoba mwaka 1974, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimikwa baharini, mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi katika pwani ya Kenya. Kileleni mwa roketi hiyo kulikuwa na satalaiti ya Uingereza iliyopewa jina la Ariel 5, yenye uzito wa takriban kilo 130. Muda mfupi baadaye satalaiti hiyo ilikuwa tayari inaizunguka dunia juu ya ikweta, na taarifa zake zikaanza kupokewa na wataalamu waliokuwa wakiisubiri mjini Slough, magharibi mwa London.

Habari za majukwaa ya Waitaliano pale Ngomeni zimeandikwa mara nyingi, na wasomaji wetu wa Malindi na Kilifi wanazijua kuliko sisi. Leo tunataka kumzungumzia mtu ambaye hakuwa Mkenya wala Mtaliano, na ambaye bila juhudi zake ni vigumu kuona jinsi Uingereza ingekuwa na satalaiti ya kurusha mwaka ule. Mtu huyo ni Sir Harrie Massey, profesa wa fizikia wa University College London, yaani UCL, aliyefariki dunia mwaka 1983. Wasomaji wetu walioko London ambao wamewahi kusoma au kufundisha Kiswahili pale SOAS, karibu na Russell Square, wamepita mara nyingi jirani na alipofanyia kazi. Kutoka hapo hadi Gower Street, yalipo majengo ya UCL, ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu.

Harrie Stewart Wilson Massey alizaliwa tarehe 16 Mei 1908 katika jimbo la Victoria nchini Australia, na kukulia Hoddles Creek, kijiji kidogo cha wachimba dhahabu na wapasua mbao kilichoko mashariki ya mji wa Melbourne. Hakutoka katika ukoo wa wasomi. Alikuwa mtoto mwenye akili za haraka na mpenzi mkubwa wa mchezo wa kriketi, na mapenzi hayo hayakumtoka hadi uzeeni. Itaonekana hapa chini kwamba kriketi nayo ina nafasi yake ndogo katika historia ya satalaiti za Uingereza.

Baada ya masomo yake katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Massey alipata ufadhili na mwaka 1929 akasafiri kwa meli hadi Uingereza, kujiunga na maabara ya Cavendish mjini Cambridge. Maabara hiyo wakati ule iliongozwa na Ernest Rutherford, mtu aliyegundua kiini cha atomu na ambaye mwenyewe alitoka New Zealand. Hapo kijana huyo alishughulikia swali moja ambalo aliendelea nalo maisha yake yote: nini hutokea chembe ndogo kama elektroni inapogongana na atomu ya hewa? Mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 25 tu, alichapisha pamoja na Nevill Mott kitabu kikubwa kuhusu migongano hiyo, kitabu kilichotumiwa na wanafizikia kwa miongo mingi. Mwaka huo huo alikwenda kufundisha Belfast, na mwaka 1938 akateuliwa kuwa profesa wa hisabati UCL. Ndivyo alivyoingia London, na huko ndiko alikofanyia kazi karibu muda wote uliobaki wa maisha yake.

Mwaka mmoja baadaye vita vikaanza.

Mnamo Novemba 1939 ndege za Ujerumani zilianza kudondosha mabomu ya sumaku katika mdomo wa Mto Thames, njia ya meli zinazoingia bandari ya London. Bomu la aina hiyo halihitaji kuguswa na meli. Linakaa chini ya maji na kulipuka pale linapohisi chuma cha meli kikipita juu yake. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilihitaji wanafizikia kwa haraka, na Massey akawa mmoja wao. Alifanya kazi Teddington, kisha Havant karibu na Portsmouth, ambako hatimaye alikuwa mwanasayansi mkuu wa idara iliyobuni mabomu ya baharini na njia za kukwepa mabomu ya adui. Kati ya vijana waliokuwa chini yake alikuwamo Robert Boyd, ambaye tutamtaja tena, na Francis Crick. Huyu wa pili ndiye aliyekuja kugundua umbo la DNA mwaka 1953 akishirikiana na James Watson, na ni Massey huyo huyo aliyemwelekeza baada ya vita aende kuonana na Maurice Wilkins, mtu aliyemfungulia njia ya kuingia katika elimu ya viumbe. Tumelitaja hili kwa sababu ndivyo Massey alivyokumbukwa na wengi, kama mtu aliyejua nani anapaswa kukutana na nani.

Mwaka 1943 akapelekwa mbali zaidi. Aliongoza kundi la Waingereza waliokwenda Berkeley, California, kushiriki katika mradi wa siri wa bomu la atomiki. Kazi ya kundi lake ilikuwa ni hesabu na nadharia za namna ya kuitenga, kwa kutumia sumaku kubwa, ile aina ya urani inayofaa kwa bomu na kuitoa katika urani ya kawaida. Njia hiyo ya sumaku ilitumika kutayarisha urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Msomaji wetu wa Lubumbashi au Likasi anafahamu upande mwingine wa habari hii, kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji Wakongo ambao hawakuambiwa inakwenda kufanya nini. Kati ya shimo la Shinkolobwe na mji wa Hiroshima kulikuwa na vituo vingi, na meza ya Massey pale Berkeley ilikuwa mojawapo.

Aliporejea London mwaka 1945 alikuta majengo ya UCL yameharibiwa vibaya na mabomu ya miaka ya 1940 na 1941. Jiji lenyewe lilikuwa limepata pia kipigo cha aina mpya. Kuanzia tarehe 8 Septemba 1944 hadi mwisho wa Machi 1945 Wajerumani waliishambulia London kwa makombora ya V-2, ambayo yalikuwa roketi za kwanza kubwa kufika ukingoni mwa anga za juu. Yalianguka kwa kasi kuliko sauti, hivyo mtu alisikia mlipuko kwanza na mvumo baadaye, kama alibaki hai wa kusikia. Katika duka moja la New Cross, kusini mashariki mwa London, kombora moja tu liliua watu 168 tarehe 25 Novemba 1944.

Vita vilipomalizika Wamarekani waliyachukua makombora ya V-2 yaliyobaki na kuyapeleka katika jangwa la New Mexico. Kuanzia mwaka 1946 waliyarusha juu, na mahali pa baruti wakawaruhusu wanasayansi waweke vyombo vya kupimia hewa. Massey aliitazama kazi hiyo kwa hamu kubwa. Migongano ya elektroni na atomu aliyokuwa akiihesabu kwa kalamu tangu ujana wake hutokea yenyewe, mchana na usiku, kilomita mia moja na zaidi juu ya vichwa vyetu, katika tabaka liitwalo ayonosfia. Lakini London haikuwa na roketi ya kufika huko.

Hapo ndipo kriketi inapoingia. Siku moja ya mwezi Mei mwaka 1953, Massey akiwa anajitayarisha kwenda kwenye mechi ya kila mwaka kati ya walimu na wanafunzi wa idara yake, simu ililia. Aliyepiga alikuwa ofisa kutoka Wizara ya Ugavi, wizara iliyokuwa ikitengeneza silaha za serikali. Alitaka kujua kama profesa angependa kutumia roketi za wizara kwa utafiti wa kisayansi. Massey alikubali papo hapo, kisha akaenda kucheza.

Ni vyema tujiulize kwa nini wizara ya silaha ilipiga simu ile, kwani serikali haigawi roketi kwa ukarimu tu. Uingereza wakati huo ilikuwa na mpango wa kujenga makombora ya masafa marefu, na mtu anayetaka kupitisha kombora katika hewa ya juu anahitaji kujua hewa hiyo ina uzito gani, joto gani na upepo gani. Vipimo hivyo vilikuwa havipo. Wanajeshi walikuwa na roketi bila vipimo, na wanasayansi wa vyuo vikuu walikuwa na vipimo walivyovitamani bila roketi. Massey alilijua hilo vizuri, maana miaka sita ya vita ilikuwa imemfundisha lugha ya maofisa wa wizara. Alichosimamia ni kwamba matokeo ya utafiti yachapishwe wazi na kwamba wenye kuchagua nini kipimwe wawe wanasayansi, kupitia Royal Society, jumuiya ya kifalme ya sayansi mjini London.

Kutokana na mapatano hayo ilizaliwa roketi ya Skylark, iliyotengenezwa na kituo cha serikali cha ndege pale Farnborough. Ilirushwa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Februari 1957 kutoka Woomera, jangwani kusini mwa Australia, katika nchi aliyozaliwa Massey. Mnara wa kuirushia ulijengwa kwa vipande vya madaraja ya chuma ya jeshi vilivyobaki kutoka vitani. Hata jina Woomera lina habari yake. Ni neno la wenyeji wa asili wa Australia lenye maana ya kifaa cha kurushia mkuki, na uwanja huo ulianzishwa mwaka 1947 juu ya ardhi ya wenyeji hao, mkuki wao ukawa jina na wao wenyewe wakazuiwa kupita.

Skylark ilikuwa roketi ndogo isiyoingia kwenye obiti. Ilipanda juu, ikapima kwa dakika chache, kisha ikaanguka. Hata hivyo dakika hizo chache zilikuwa na thamani kubwa. Kwa mara ya kwanza Waingereza waliweza kupima wenyewe elektroni za ayonosfia ndani ya ayonosfia. Wasomaji wetu wa rika fulani wana sababu ya kulijua tabaka hilo hata kama hawakuwahi kulisikia jina lake. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza kutoka London tarehe 27 Juni 1957, mwaka ule ule wa Skylark ya kwanza, na sauti yake ilifika Zanzibar, Mombasa na Bujumbura kwa masafa mafupi, mawimbi yakigonga ayonosfia na kurudishwa chini. Zile jioni ambapo baba alikuwa anahangaika kugeuza redio huku na huko kwa sababu London inakoroma, aliyekuwa anakorofisha ni ayonosfia.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, na kila kitu kikabadilika. Roketi iliyoibeba ilikuwa imebuniwa kupeleka bomu la nyuklia hadi Marekani. Mwezi Machi 1959, katika mkutano wa kimataifa mjini The Hague, Wamarekani walitangaza kwamba wako tayari kurusha bila malipo vyombo vya kisayansi vya nchi nyingine. Massey, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya taifa ya utafiti wa anga, aliishika nafasi hiyo mara moja. Makubaliano yalikuwa mepesi kuyaeleza: Wamarekani watengeneze mwili wa satalaiti na roketi, Waingereza walete vyombo vya kupimia. UCL ilileta vya kwake chini ya Robert Boyd, vingine vikatoka Imperial College ya London na vyuo vikuu vya Leicester na Birmingham.

Tunaomba msomaji aitazame vizuri roketi iliyotumika, kwa sababu hapo ndipo kiini cha habari hii kilipo. Sehemu yake ya chini ilikuwa kombora la Thor. Kati ya mwaka 1959 na 1963 makombora 60 ya Thor yalikuwa yamepangwa mashariki mwa Uingereza, katika mikoa kama Norfolk, Lincolnshire na Yorkshire, kila moja likiwa na bomu la nyuklia la Wamarekani na likielekezwa Urusi. Kwa hiyo chombo ambacho wakulima wa Lincolnshire walikiona kama sababu ya kijiji chao kufutwa siku moja, ndicho kilichokuwa tumaini la maprofesa wa Gower Street.

Thor ilifanya na kazi nyingine. Tarehe 22 Juni 1960 roketi yenye msingi wa Thor ilipanda kutoka Cape Canaveral ikiwa na satalaiti mbili kwa pamoja. Ya kwanza, Transit 2A, ilikuwa ya kuongoza manowari na nyambizi za Marekani zijue zilipo baharini. Ya pili ilitangazwa kuwa ya kisayansi, ya kupima miale ya eksirei itokayo kwenye Jua, na kweli ilipima. Kilichofichwa ni kwamba ndani ya satalaiti hiyo hiyo kulikuwa na mtambo wa kijasusi wa kunasa rada za Wasovieti. Siri hiyo ilitolewa hadharani mwaka 1998, miaka 15 baada ya Massey kuzikwa. Sayansi pale haikuwa abiria tu bali pia kanzu ya kumfunika jasusi, na haikuulizwa kama inataka kuwa kanzu.

Satalaiti ya Waingereza ilirushwa tarehe 26 Aprili 1962. Ilipofika kwenye obiti ikaitwa Ariel 1, jina la kiumbe cha hewani katika tamthilia ya Shakespeare, na Uingereza ikawa nchi ya tatu duniani kuwa na satalaiti yake, baada ya Umoja wa Kisovieti na Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 60 na ushee. Kwa wiki kumi ilifanya kazi vizuri mno, ikipima elektroni, miale ya Jua na miale kutoka nje ya mfumo wa Jua, na Massey, ambaye alikuwa amepewa heshima ya Sir miaka miwili kabla, alikuwa na kila sababu ya kufurahi.

Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia katika anga za juu, kilomita 400 juu ya kisiwa cha Johnston katika Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa sawa na tani milioni 1.4 za baruti, karibu mara mia moja ya bomu la Hiroshima. Taa za barabarani zilizimika Honolulu, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo. Hakuna hewa huko juu ya kuleta upepo wa mlipuko, lakini elektroni nyingi mno zilimwagika na kunaswa na sumaku ya dunia, zikaizunguka sayari nzima kama mkanda. Kila satalaiti iliyopita katika mkanda huo ilipigwa. Ariel 1 haikuwa karibu na bomu, ila vibao vyake vya kukusanya nguvu ya Jua viliungua kidogo kidogo kwa elektroni hizo, umeme ukapungua, na siku chache baadaye satalaiti ikaanza kunyamaza. Baadaye ilizungumza kwa vipindi, kama mgonjwa anayezinduka na kuzimia tena. Satalaiti ya mawasiliano ya Telstar, iliyorushwa siku moja tu baada ya mlipuko, nayo haikumaliza mwaka. Hata satalaiti ya jeshi la wanamaji la Marekani lenyewe, Transit 4B, ilipata madhara.

Na bomu hilo lilipandishwa juu na roketi gani? Kombora la Thor.

Yaani aina moja ya roketi iliipeleka satalaiti ya Massey juu mwezi Aprili, na aina hiyo hiyo ikapeleka mwezi Julai kilichoiua. Tukikumbuka kwamba Massey mwenyewe alishiriki kulitayarisha bomu la kwanza pale Berkeley, ni vigumu kuisoma habari hii bila kutulia kidogo. Baadhi ya wanasayansi wa Uingereza, akiwemo Bernard Lovell wa kituo cha Jodrell Bank, waliulaumu mlipuko ule hadharani. Massey hakuwa mtu wa majukwaa. Alikuwa mtu wa kamati, wa barua na wa kikao kinachofuata, na huenda kuna watakaosema alipaswa kupaza sauti zaidi. Sisi tunaona kwamba mtu aliyepewa roketi kwa hisani ya wenye silaha hana nafasi kubwa ya kuwagombeza, na hiyo ndiyo bei ya hisani yenyewe. Tarehe 5 Agosti 1963 Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, katika anga za mbali na chini ya maji.

Njia ambayo Massey aliifuata ni kutafuta usafiri mwingine. Tangu mwaka 1961 alikuwa akiongoza tume iliyotayarisha shirika la pamoja la Ulaya la utafiti wa anga, akishirikiana na Mfaransa Pierre Auger na Mtaliano Edoardo Amaldi. Shirika hilo, ESRO, lilianza rasmi mwaka 1964, na kazi yake ilikuwa ni ya kisayansi na ya amani tu, bila wizara yoyote ya ulinzi mezani. Ni moja ya mizizi ya Shirika la Anga la Ulaya la leo. Hata hivyo, kwa miaka ya mwanzo ESRO nayo ililazimika kupiga hodi kwa Wamarekani kuomba roketi.

Uingereza yenyewe haikuwa bora. Satalaiti yake ya kwanza ya kijeshi, Skynet 1A, ilirushwa na Wamarekani kutoka Cape Canaveral mwezi Novemba 1969 na kuwekwa juu ya Bahari ya Hindi ili kuunganisha London na majeshi yake ya mashariki. Ilifanya kazi kwa muda usiofika mwaka mmoja. Roketi ya kwanza na ya mwisho ya Kiingereza kufikisha satalaiti kwenye obiti, Black Arrow, iliruka Woomera tarehe 28 Oktoba 1971, wakati serikali ilikuwa tayari imeufuta mradi wake miezi mitatu kabla.

Hivyo ndivyo tunavyorudi Ngomeni. Waitaliano, chini ya Luigi Broglio, profesa aliyekuwa pia jenerali wa jeshi la anga, walikuwa wamepatana na Kenya kuweka majukwaa mawili baharini, moja la kurushia na jingine la kuongozea. Satalaiti yao ya kwanza kutoka hapo iliruka tarehe 26 Aprili 1967, miaka mitano kamili baada ya Ariel 1. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, Wamarekani walirusha kutoka hapo satalaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota, na kwa heshima ya siku hiyo wakaiita Uhuru. Jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota kote duniani.

Sababu ya kuja Kenya ilikuwa ni ya kimaumbile. Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Zaidi ya hayo, satalaiti inayozunguka juu ya ikweta, chini kiasi, hukwepa sehemu kubwa ya mikanda ya elektroni na protoni inayoizunguka dunia. Mikanda hiyo ni ya asili, lakini Waingereza walikuwa wamejifunza mwaka 1962 ni nini hutokea satalaiti ikipita mahali pabaya.

Ariel 5 ilitengenezwa Uingereza, na ndani yake kulikuwa na vyombo vya UCL, Leicester, Birmingham na Imperial College, pamoja na kimoja cha Wamarekani. Vya UCL vilitoka katika maabara ya anga ambayo Boyd aliianzisha mwaka 1966 kwenye jumba la vilimani huko Surrey, kwa msaada wa kampuni ya Mullard. Mwezi Agosti 1975 chombo cha Leicester kiliona nukta mpya katika kundi la nyota la Monoceros, ambayo kwa muda ilitoa miale ya eksirei kuliko kitu kingine chochote mbinguni nje ya Jua. Mwaka 1986 ilithibitika kuwa pale pana shimo jeusi. Nacho chombo cha UCL kiligundua alama ya chuma katika hewa yenye joto kali mno iliyojaa baina ya galaksi za kundi la Perseus. Ariel 5 ilitegemewa kudumu muda mfupi, lakini ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka mitano, hadi ilipoungua hewani mwezi Machi 1980. Hakuna bomu lililoigusa.

Hatutakuwa waadilifu tusipotaja kwamba katika orodha ya taasisi zilizokuwa na vyombo ndani ya Ariel 5 hakukuwa na chuo cha Kenya. Pwani ilitoa mahali, na ugunduzi ukaenda Leicester na London. Nayo roketi ya Scout, iliyopendwa na wanasayansi kwa sababu ya unafuu wake, ndiyo iliyokuwa ikibeba satalaiti za Transit za kuongoza nyambizi za nyuklia za Marekani, ingawa hizo zilirushwa kutoka California na si kutoka Ngomeni. Satalaiti zilizorushwa Ngomeni zilikuwa 9 kwa jumla, ya mwisho mwaka 1988.

Massey alistaafu uprofesa mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Ariel 5 kuruka, akiwa ameongoza idara ya fizikia ya UCL kwa miaka 25. Aliendelea na shughuli za Royal Society hadi mwaka 1978, na akaanza kuandika historia ya sayansi ya anga ya Uingereza pamoja na mwenzake M. O. Robins, ile simu ya siku ya kriketi ikiwemo. Ugonjwa ulimkuta kabla hajakiona kitabu hicho kikichapwa. Alifariki dunia tarehe 27 Novemba 1983 nyumbani kwake Esher, kusini magharibi mwa London, akiwa na umri wa miaka 75, na kitabu kikatoka mwaka 1986. Skylark, roketi iliyoanza kwa simu ile, iliendelea kuruka hadi tarehe 2 Mei 2005, iliporushwa kwa mara ya 441 na ya mwisho kutoka kaskazini mwa Sweden.